Kiongozi Ajihesabiaye Haki

Leo nataka kusema nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa viongozi. Si ugonjwa wa mwili, wala hautambulikani upesi, kwa sababu aliye nao mara nyingi ni mtu mwema, apendwaye na watu wake. Ugonjwa wenyewe ni kujihesabia haki.

Nitaanza na kitu ambacho kila mmoja wenu anakijua, yaani mizani. Sisi watu wa Bariadi, pamoja na jirani zetu wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, twaishi kwa pamba. Msimu ukifunguliwa, mkulima huleta mafurushi yake penye ghala la chama, karani huyatundika moja moja, mshale huzunguka na kusimama, na hapo kazi ya mwaka mzima hugeuka kuwa tarakimu katika daftari. Sasa sheria yasema kwamba kila mizani ya biashara ni lazima ikaguliwe na kutiwa alama na Wakala wa Vipimo. Mkaguzi akija haulizi kama karani ni mwizi. Hata mizani ya karani mwaminifu kuliko wote hukaguliwa, maana kamani iliyo ndani yake hulegea kwa kutumika. Na mizani iliyolegea haina haya. Mshale wake husimama imara kama zamani, wala hautetemeki kwa kuwa unasema uongo.

Basi kiongozi ajihesabiaye haki ni kama mizani hiyo. Alianza vizuri. Pengine alipigania jambo la kweli, akateseka kwa ajili yake, na watu wakamwamini. Kisha ile haki aliyoitenda jana akaifanya kuwa mali yake ya siku zote, nayo ikawa sababu ya kutokaguliwa leo.

Msimchanganye mtu huyu na mwizi. Mwizi ajua kuwa ni mwizi, na usiku husikiliza mlango. Huyu wa pili hulala usingizi mzuri. Wala msimchanganye na mtu ashikaye neno la kweli bila kuyumba, kwa maana tunawahitaji sana watu wa namna hiyo. Mwenye haki husema, “Jambo hili ni sawa, njoni mlitazame.” Ajihesabiaye haki husema, “Jambo hili ni sawa, kwa kuwa ni mimi niliyelitenda.”

Tulipokuwa watoto katika shule ya misheni tulisimuliwa habari ya Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Mimi nilipoisikia nilimshukuru Mungu kwa kuwa sikufanana na yule Farisayo. Ilipita miaka mingi kabla sijatambua nilikuwa nimesema nini.

Na jinsi nilivyotambua ni hivi. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi, nami nikakabidhiwa shamba la shule, eka mbili za pamba. Mwaka uliotangulia fedha za shamba hilo zilipotea, wala hakuna aliyejua zilikokwenda. Mimi nikaandika kila kilo, nikabandika hesabu ukutani, na wazazi wakanisifu sana. Sifa zile zilinipendeza kuliko nilivyokubali kukiri.

Wanafunzi walilima kwa makundi, na kila kundi lilileta pamba yake ghalani, ikapimwa na kuandikwa. Mwishoni mwa Mei ikanyesha mvua iliyochelewa. Siku mbili baadaye, nikipima tena kabla ya kupeleka pamba sokoni, furushi la kundi moja lilizidi kwa kilo sita. Nikatia mkono ndani, nikaikuta pamba ina unyevu. Mnajua kwamba wako watu watiao maji au mchanga katika pamba ili uzito uongezeke. Nikamwita kiongozi wa kundi hilo, kijana wa darasa la sita, nikamsimamisha mbele ya shule nzima na mbele ya wazazi waliokuja mkutanoni asubuhi ile, nikamwita mwizi. Akasema hakutia maji. Nikamwambia kwamba anaongeza uongo juu ya wizi.

Mwalimu mwenzangu, mama mmoja aliyenizidi umri, akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, umelitazama bati la ghala?” Nami nikamjibu, “Mama, tangu nilipofika hapa sijala hata senti moja ya shule hii.”

Litazameni jibu hilo vizuri, ndugu zangu. Aliniuliza habari ya bati, nami nikamjibu habari ya nafsi yangu. Kuna dalili nyingi za ugonjwa huu, lakini kama ningeruhusiwa kuwafundisha moja tu, ningewafundisha hii. Kiongozi mzima akiulizwa habari ya bati, hutazama bati. Kiongozi mgonjwa hulisikia swali kama tusi, na badala ya kujibu lililoulizwa, hufungua daftari la wema wake: miaka aliyotumika, fedha aliyojitolea, usiku aliokesha. Na yote ayasemayo huwa ni kweli! Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mwulizaji hukosa la kusema, akaenda zake, na bati likabaki na tundu lake.

Lilikuwako tundu. Juma lililofuata fundi alipanda juu, akakuta msumari umeng'oka, na nafasi yake ilikuwa juu kabisa ya pahali lilipowekwa furushi lile. Nitarudi kwa kijana huyo baadaye.

Dalili nyingine nitazitaja kwa ufupi. Kiongozi wa namna hii hujua makosa ya kila mtu kwa majina na tarehe, lakini yake huyaita bahati mbaya. Wale waliokuwa wakimkatalia huacha kuja barazani, naye huhesabu ukimya wao kuwa ni umoja. Wazee wa Kiswahili walisema nyani haoni kundule, nasi tunapenda sana methali hiyo, ila huitumia kwa nyani wengine.

Ugonjwa huu haushiki mtu mmoja mmoja tu. Huweza kushika chama kizima, hata serikali, na sisi watu wa pamba tumeuona kwa macho yetu. Miaka ya 1940, na miaka michache baada yake, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao wa asili ya Asia. Wakulima walilalamika kwamba mizani za wanunuzi zinawapunja. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla ya kumfikia mnunuzi. Kutoka katika juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu. Hata kufika Uhuru wa 1961, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima katika Afrika, lenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Waliolijenga walikuwa na haki. Sitaki mtu yeyote aondoke hapa akifikiri nasema vinginevyo.

Lakini mwaka 1966 manung'uniko ya wakulima yalikuwa mengi, katika Kanda ya Ziwa na katika sehemu nyingine za nchi, hata Rais Julius Nyerere akaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika. Kamati ikakuta watumishi wasio waaminifu, gharama zilizopita kiasi, watu walioajiriwa kwa ajili ya ujamaa wao na wakubwa, na wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje. Haukupita muda mrefu serikali ikaingia katika uendeshaji wa shirikisho la Victoria, na baadaye likaundwa upya kwa jina la Nyanza.

Yawezekanaje chama kilichozaliwa kwa sababu ya mizani mbovu kikafikia kulalamikiwa na wakulima walewale? Wenye elimu ya uchumi watawapa sababu zao, nazo ni za kweli: chama kilikua upesi, wahasibu walikuwa wachache, wanasiasa waliingia. Mimi naongeza moja. Chama kilichomshinda mpunjaji huona shida sana kuamini kwamba nacho chaweza kupunja. Mkulima akiuliza juu ya makato, huonekana kama mtu asiye na shukrani, au kama mtu atamaniye kurudi kwa wale wa zamani. Ushindi wa kwanza hugeuka kuwa ngao ya kuzuia maswali.

Na serikali iliyokuja kusahihisha haikusalimika. Mwaka 1972 ilifuta halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika vyote, ikaziachia mamlaka za mazao kazi ya kununua. Nia ilikuwa njema, yaani kumpelekea mwananchi maendeleo upesi. Lakini waliodhaniwa kuwa kizuizi ndio waliokuwa na haki ya kuuliza, na walipoondolewa hapakubaki mtu wa kuuliza juu ya bati. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu ushirika urudi, na halmashauri nazo zikarudishwa. Na mwaka 1984, akiwa bado Rais, Nyerere alisema wazi katika mahojiano yaliyochapishwa kwamba kama angeanza upya, mambo mawili hayo asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Wengine walimlaumu kwamba alikiri akiwa amechelewa miaka mingi. Ni kweli alichelewa. Lakini aliyataja makosa kwa majina yake, wala hakusema kwamba alieleweka vibaya. Wakuu wangapi mnaowajua wamefanya hivyo wakiwa bado wamekaa kitini?

Sasa nitawaeleza jambo zito zaidi, lililotukia katika nchi yetu hii. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Katika miaka ya 1970 huko Shinyanga na Mwanza mauaji yalizidi, hasa ya wanawake wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Serikali ikaamua kuyakomesha, na nani angeweza kusema kwamba kazi hiyo si njema? Mwaka 1976 watu wengi wakakamatwa. Wakiwa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama waliteswa, na baadhi yao wakafa.

Fikirini kidogo juu ya wale waliotesa. Yamkini hawakuamka asubuhi wakisema, “Leo nitatenda uovu.” Walitumwa kuokoa vikongwe. Nadhani ubora wa kazi yao uliwafumba macho wasione mikono yao. Ndiyo maana nasema kiongozi mwenye nia mbaya hujilinda, kwa kuwa anaogopa. Lakini mwenye nia njema asiyekaguliwa haogopi kitu, naye huweza kwenda mbali kuliko yule mwingine.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwapo katika vyumba vile. Angeweza kusema hivyo, na angekuwa amesema kweli. Angeweza kuhesabu miaka aliyofundisha na kutumika bila doa. Lakini mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, kwa sababu jambo hilo lilitendwa chini ya wizara yake. Viongozi wengine nao wakaacha vyeo vyao. Watu wengi humkumbuka Mwinyi kwa sababu baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais, akakaa miaka kumi, na alipofariki Februari 2024 kisa cha kujiuzulu kilisimuliwa tena kila mahali. Sipendi sana kukisimulia kama kwamba kujiuzulu ni njia ya kupata cheo kikubwa zaidi. Yeye mwaka 1977 hakujua kwamba atarudi. Alichojua ni kwamba watu walikufa, na kwamba usafi wake mwenyewe haukuwa jibu la vifo hivyo.

Je, asiye waziri afanyeje? Wengi wenu ni viongozi wa mambo madogo: mwenyekiti wa kitongoji, katibu wa chama, kiranja wa shule, mzee wa kanisa, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nawashauri jambo moja la kazi. Ukiulizwa swali likakuchoma, usijibu siku ileile kama waweza kungoja. Nenda kwanza ukaitazame ile bati. Kisha jibu lililoulizwa, na habari ya wema wako uiache nyumbani. Na tafuta mtu mmoja, si adui wala mtumishi wako, ambaye umempa ruhusa ya kukuambia ukweli. Naye akikuambia, usimlipize kwa uso wala kwa neno. Mkimlipiza mara moja tu, hatarudi tena.

Nanyi mnaoongozwa, mna kazi ngumu kuliko hiyo, kwa sababu mwenye ugonjwa huu akishambuliwa huzidi kuugua. Ukisimama mkutanoni ukamwambia, “Wewe wajifanya mtakatifu,” utakuwa umemhama bati na kuingia nafsini mwake, pale pale atakapo yeye mpigane. Tena utakuwa umejivika wewe mwenyewe ile haki unayomvua. Nimeona kijiji kimoja kikimwondoa mwenyekiti wa namna hii kwa kelele nyingi, na aliyeongoza kelele akashika kiti. Miezi sita haikupita, naye alikuwa akiwajibu watu kwa kuwakumbusha jinsi alivyowaokoa.

Babu zetu wa Usukuma walilijua jambo hili. Ntemi alikuwa mkubwa, aliheshimiwa sana, lakini walikuwako wazee walioitwa banang'oma. Wao ndio waliomchagua na kumtawaza, na wao walikuwa na nguvu ya kumwondoa. Hawakungoja mpaka ntemi awe mwovu ndipo waanze kumtazama. Walimtazama kwa kuwa ndiyo desturi. Utawala wa watemi ulikwisha kisheria baada ya Uhuru, na sasa sheria imetupa kitu kingine mahali pake: mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, ambao yapasa ukutane angalau kila miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Nendeni. Msiende siku ya ugomvi tu. Ulizeni habari ya fedha ya kisima hata mwaka ambao mnamwamini mwenyekiti, na hasa mwaka huo, kwa sauti ileile mnayoitumia kuuliza bei ya chumvi. Swali likiwa la kila mara, halimwiti mtu mwizi. Likiulizwa mara moja katika miaka mitano, lazima lisikike kama mashtaka.

Nilisema nitarudi kwa yule kijana. Baada ya kuliona tundu la bati nilikaa siku nne nikitafuta namna ya kulisahihisha neno langu bila kulisema. Nilifikiri kumpa daftari jipya. Nilifikiri kumfanya kiranja. Siku ya tano nikapanda baiskeli, nikaenda kwao. Kijana hakuwapo. Baba yake alikuwa chini ya mti, akisokota kamba ya katani. Akaniletea kigoda, tukasalimiana. Nikamweleza habari ya mvua, na msumari, na bati, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusokota. Kisha akasema, “Mwalimu, neno hili umelileta hapa, tupo wawili. Lile jingine ulilisema mbele ya watu wote.”

Jumatatu nilisimama mstarini nikasema mbele ya shule, na katika mkutano wa wazazi uliofuata nikasema tena. Nilieleza kila kitu, hata jibu nililompa yule mama juu ya senti za shule. Kijana hakuwapo mara zote mbili. Alikuwa amekwenda Meatu kwa mjomba wake kuchunga ng'ombe, na masomo yake yakaishia darasa la sita. Mzee wake bado tunaonana wakati wa msimu penye ghala la chama. Hunisalimu kwa adabu, huniuliza habari za watoto wangu, nami humwuliza habari za wake. Furushi lake likitundikwa, husogea karibu na mizani, akausoma mshale mwenyewe.